Mama ana ugonjwa wa mapafu na anazidi kukonda: tumnyime nini, tumpe nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66, tunaishi naye Kayole. Alikaanga mandazi ya kuuza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa kuni kule nyumbani, kisha kwa makaa hapa Nairobi. Hajawahi kuvuta sigara. Miaka mitatu iliyopita aliambiwa ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Anatumia inhela mbili, na kifua kikimbana sana hupewa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ya siku chache. Tangu Januari ametoka kilo 52 hadi 44. Urefu wake ni sentimita 158. Akila vijiko vichache anasema ameshiba na pumzi inamkatika. Jioni miguu huvimba. Watu wa kanisani na wa WhatsApp walituambia tumwachishe maziwa kwa kuwa yanaleta makohozi, pia nyama, avokado na ugali, halafu tumpe maji ya tangawizi, limau na kitunguu saumu ya kusafisha mapafu. Tumefanya hivyo miezi miwili. Je, tuko sawa? Ni chakula gani kinachotibu mapafu? Na avokado kweli ni mbaya? Anaipenda sana.

Jibu: Marahaba, dada. Kwanza nikurekebishe kidogo: mimi si daktari, ni mtu wa lishe. Wagonjwa wa kifua wakishaandikiwa dawa, baadhi yao huelekezwa kwangu, na wengi hufika wamekonda kama mama yako, mkononi wana orodha ya vyakula walivyokatazwa na majirani. Sijawahi kumwona aliyekuja na orodha ya vyakula majirani walivyomwambia aongeze.

Katika barua yako umeuliza habari za maziwa na tangawizi, lakini mimi macho yangu yaliganda kwenye kilo. Kilo nane kwa mtu wa kilo 52 ni asilimia 15 ya mwili wake. Chukua 44 ugawanye kwa 1.58, kisha ugawanye tena kwa 1.58, utapata 17.6. Mtu mzima yeyote aliye chini ya 18.5 huhesabiwa amekonda kupita kiasi, na kwa mwenye COPD tunaanza kuwa na wasiwasi mapema zaidi. Mwaka 2004 daktari wa mapafu Bartolomé Celli na wenzake walichapisha kipimo kinachoitwa BODE, cha kukadiria ni mgonjwa gani yuko hatarini zaidi kufa. Kina nguzo nne: njia za hewa zimeziba kiasi gani, pumzi inakatika kiasi gani, mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika sita, na ile hesabu ya uzito kwa urefu. Kwenye BODE, 21 kushuka chini tayari ni alama mbaya. Mama yako amepita hapo zamani.

Kwa hiyo kabla sufuria haijainjikwa, mrudishe kliniki, na mkifika mtaje kilo hizo kwa herufi kubwa. COPD yenyewe hukondesha, lakini TB pia hukondesha, na kisukari, na HIV, na matatizo ya tezi ya shingo, na saratani. Apimwe makohozi, apigwe picha ya kifua, apimwe sukari. Nimewahi kukaa na familia moja miezi mitatu tukiongeza mayai na uji, kumbe mzee alikuwa na TB. Tangu hapo sianzi na mayai.

Tukishalimaliza hilo, tuje kwa kwa nini anakonda, maana ukilielewa hilo hutahitaji orodha yangu wala ya mtu mwingine.

Mimi na wewe tunapumua bila kujua kwamba tunafanya kazi. Mwenye COPD anafanya kazi. Njia zake za hewa ni nyembamba na zimelegea, hewa inaingia lakini kutoka ni shida, basi misuli ya mbavu, ya shingo na ya mabega inaitwa kusaidia mchana na usiku. Msuli wa kupumua wa mgonjwa wa hali mbaya unaweza kutumia kalori hadi mara kumi ya wa mtu mzima wa afya. Mfikirie yule kijana anayesukuma mkokoteni wa viazi kutoka soko la Marikiti. Ukimpa kikombe cha chai ya rangi asubuhi na bakuli la mboga mchana, kwa wiki ngapi atasukuma? Mwili usipopata chakula cha kutosha huanza kula nyama yake wenyewe, na nyama hiyo ni pamoja na ile ile misuli inayovuta pumzi. Akikonda pumzi inapungua, pumzi ikipungua anashindwa kula, asipokula anakonda. Hapo ndipo mlipo sasa, na ile orodha ya kanisani imewasukuma ndani zaidi.

Juu ya hayo, kula kwenyewe ni kazi. Hewa inayoshindwa kutoka hubaki mapafuni, mapafu yanavimba na kukisukuma chini kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Sasa tumbo likijaa, linakisukuma juu kutoka upande wa pili. Ndiyo maana anasema ameshiba akila vijiko vinne, hajifanyi. Halafu kila anapomeza, pumzi husimama kidogo. Wewe hutambui. Kwa mtu anayehesabu pumzi zake, tonge gumu la ugali na sukuma wiki yenye vikonyo, la kutafunwa mara thelathini, ni kama kupanda ngazi.

Ugali basi si sumu, ila si rafiki yake wa saa hizi. Huenda mmesoma pia kwamba wanga hutengeneza hewa ukaa nyingi kuliko mafuta. Ni kweli: kwa kiasi kile kile cha oksijeni, wanga hutoa hewa ukaa kipimo 1, mafuta kama 0.7. Lakini jambo hilo lina uzito kwa mgonjwa anayelishwa kupita kiasi, kwa mfano aliye kwenye mashine ya kupumulia. Mtu wa kilo 44 anayekula vijiko vichache hana tatizo la kulishwa kupita kiasi. Chukueni funzo moja tu hapo: mafuta ni mzigo mdogo wenye nguvu nyingi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na hakijazi tumbo.

Na hapa avokado inarudi mezani. Nusu avokado ya wastani ina kalori 150 na zaidi, ni laini, haitafunwi, haihitaji kupikwa, na mama mboga anazo karibu mwaka mzima. Kama kuna tunda ambalo ningemwandikia mama yako kama dawa, ni hilo. Mliyemsikiliza alikosea kabisa. Mrudishieni leo.

Maziwa. Hili nalisikia kila wiki, na si Kayole tu, ni imani ya dunia nzima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, watafiti wa Australia waliwaambukiza watu 60 virusi vya mafua kwa makusudi, wakaandika kila mmoja alikunywa maziwa kiasi gani, kisha wakapima uzito wa kamasi zao. Waliokunywa mengi hawakutoa kamasi zaidi ya waliokunywa kidogo au wasiokunywa kabisa. Kinachotokea ni kwamba maziwa yakichanganyika na mate huacha utando mzito kooni kwa muda mfupi, na mtu anadhani ni makohozi mapya. Kama mama anauchukia utando huo, asukutue kwa maji ya uvuguvugu baada ya kunywa, au mmpe mala (maziwa ya mgando), ambayo wengi huiona nyepesi kooni. Lakini kumnyima maziwa mzee wa kilo 44 anayetumia prednisolone mara kwa mara ni kumpokonya protini na kalsiamu kwa pamoja. Prednisolone humeng'enya misuli na kudhoofisha mifupa, na ubavu uliovunjika kwa kukohoa ni jambo ninaloliogopa kuliko makohozi.

Maji ya tangawizi na limau hayana ubaya. Yanatuliza koo, asali ikiongezwa yanatuliza kikohozi. Lakini kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa, na kinachopita ile ya kwanza hakifagii ile ya pili. Moshi wa miaka ishirini umeacha kovu, na kovu halioshwi, hata kwa kitunguu saumu. Kosa lenu limekuwa kwenye kipimo: jagi zima kabla ya chakula linajaza tumbo dogo kwa kitu kisicho na nguvu. Kikombe kimoja kidogo, baada ya kula, akitaka.

Kuna jambo la vidonge vya kuongeza nguvu, kwa sababu najua mtauziwa, kama hamjauziwa tayari pale stendi ya matatu. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Finland uliofuatilia wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya betakarotini, kile kitu kinachoipa karoti rangi, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wengine. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyo hiyo. Mama yako si mvutaji, lakini funzo linabaki. Karoti ile ile ukiila haijamdhuru mtu. Ukitoa kitu kimoja ndani yake ukakikamua kwenye kidonge, umetengeneza kitu kingine. Vitamini D pia si ya kununuliwa kwa kubahatisha: iliwasaidia kupunguza kuzidiwa wale tu waliokuwa na upungufu mkubwa wa vitamini hiyo. Apimwe kwanza.

Matunda na mboga tumpe, bila shaka. Huko Uswidi, wanaume zaidi ya 44,000 walifuatiliwa kwa miaka zaidi ya kumi, na waliozoea kula mboga na matunda kwa wingi walipata COPD kwa uchache, hata miongoni mwa wavutaji. Huo ni uchunguzi wa nani anaugua, si wa tiba, na anayekula mboga nyingi huwa na mengine mazuri anayoyafanya. Kwa mama yako mboga ije ndani ya chakula chenye nguvu. Managu na kunde zichemshwe zilegee, zikaangwe kwa mafuta, zimwagiwe maziwa au karanga za kusaga. Sahani ya sukuma wiki kavu pekee ni mapambo.

Sasa hesabu. Mgonjwa wa aina yake tunamlenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 53 hadi 66 kwa siku. Sikia jinsi ilivyo rahisi kuzifikisha bila kilo ya nyama: mayai mawili ni gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa, vya mililita 250, ni kama 16. Kikombe cha ndengu zilizoiva vizuri, 14 au 15. Vijiko viwili vya siagi ya karanga ndani ya uji, 7 au 8. Tayari uko karibu 50, na hatujagusa omena (dagaa), ambayo ikiwa kavu karibu nusu ya uzito wake ni protini, na inaliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu iko humo humo. Osheni kwa maji moto mchanga utoke, kaangeni, kisha mziponde kama kutafuna kunamchosha. Nyama si haramu, ila iwe ya kusaga au iliyochemshwa ikalegea. Na supu ya mifupa ambayo kila mgonjwa Nairobi huletewa kwa chupa ya chai: ni tamu, inapasha mwili moto, lakini protini yake ni kidogo kuliko sifa zake. Ile nyama iliyobaki kwenye mfupa ndiyo chakula, msimpe mtoto.

Smokie na soseji za njiani nisingempa. Nyama hizo hutiwa nitriti ili zisiharibike, na chunguzi kadhaa kubwa za Marekani na Ulaya zimeona walaji wake wa mara kwa mara wana COPD zaidi au hulazwa zaidi. Pia zimejaa chumvi, na chumvi inatuleta kwenye miguu ya mama.

Miguu inayovimba kwa mwenye COPD yaweza kuwa dalili kwamba upande wa kulia wa moyo umechoka kusukuma damu kwenye mapafu magumu. Hiyo ni kazi ya daktari, tena iambatane na ile safari ya kilo. Jikoni kwenu kazi ni chumvi: isiongezwe mezani, vidonge vya mchuzi viachwe, na angalieni magadi. Wengi hawajui kwamba magadi yanayotiwa kwenye githeri na managu ili viive haraka yana sodiamu, ile ile iliyo ndani ya chumvi, ila haina ladha ya chumvi kwa hiyo haihesabiwi. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi, na gesi itapungua. Gesi kwa watu wengine ni aibu ya sebuleni. Kwake ni tumbo linalosukuma kiwambo. Kabichi na soda zikimjaza gesi, ziache. Zisipomjaza, kabichi ale.

Lakini maharagwe hayo yanachemshwa wapi? Umeniambia kila kitu isipokuwa hili. Nikitembelea nyumba hizi nakuta mama mgonjwa ameketi sebuleni, na hatua mbili kutoka kwake jiko la makaa lina githeri inayochemka kwa muda wa saa tatu, ya kumjenga mwili. Makaa yakishashika hayatoi moshi wa kuonekana, lakini chembe ndogo na hewa ya sumu ya monoksidi kaboni yanatoa, na ndiyo yaliyomfikisha hapa. Basi vitu vinavyochemka muda mrefu visichemkie ndani. Nunueni maharagwe au githeri iliyochemshwa tayari, ile inayopimwa kwa kopo kando ya barabara, ya mtu mnayemjua usafi wake, mje mkaange kwa gesi dakika kumi. Kama ni lazima mchemshe wenyewe, sufuria ya presha, au jiko likae nje kabisa, upande ambao upepo haurudi mlangoni. Na Julai ikifika, ile baridi, msilale na jiko ndani. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hana ya kupoteza.

Namna ya kumlisha, jaribuni hivi. Milo mitatu mikubwa muisahau. Ale mara sita, kidogo kidogo, kikombe na sahani ndogo. Mlo mzito uwe wa asubuhi, kabla nguvu hazijaisha, na usiku ale saa mbili au tatu kabla ya kulala ili asidi isimpande kifuani. Avute inhela yake ya kufungua kifua na akohoe makohozi kama dakika ishirini kabla ya kula, kisha apumzike. Asitoke kuoga akaketi mezani papo hapo. Aketi wima, viwiko juu ya meza. Maji anywe baadaye. Asubuhi uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa, na karanga. Saa nne yai na nusu avokado. Mchana viazi vilivyopondwa na ndengu au omena, mafuta kijiko. Saa kumi mala na ndizi. Jioni wali laini na mboga ya maziwa. Kabla ya kulala, kikombe kidogo cha maziwa. Ugali akiutamani ale, uwe laini, na mchuzi. Ongezeni taratibu, kwa wiki mbili, msimshindilie siku moja.

Mwangalieni mdomo pia. Moja ya inhela mbili huenda ina dawa ya steroidi, na asiposukutua baada ya kuivuta, hupata utando mweupe ulimini unaochoma na kuua ladha. Nimewaona waliokataa chakula kwa sababu hiyo tu, na dawa yake ni ya siku chache. Kama amepewa pia vidonge vya kufungua njia za hewa, aminofilini au theofilini, chai na kahawa nzito zipungue, maana kafeini ni ndugu wa dawa hiyo na moyo utadunda maradufu. Prednisolone ikianza, mwulize daktari kuhusu sukari, hasa kama kuna kisukari ukoo wenu.

Protini bila mwendo haigeuki kuwa msuli vizuri. Atembee kuzunguka ploti asubuhi, hata dakika tano, ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi. Kliniki kubwa za kifua zina mazoezi ya mapafu, ulizeni.

Mpimeni kila Jumamosi asubuhi kwa mizani ile ile, hata ya duka la dawa, na mwandike. Nusu kilo kwa wiki ni ushindi mkubwa. Kilo ikipanda mbili kwa siku mbili tatu huku miguu ikivimba, hayo ni maji, mpelekeni. Makohozi yakigeuka rangi na kuongezeka, mpelekeni. Akianza kuamka na kichwa kinamuuma, anasinzia mchana na kuongea mambo yasiyoeleweka, msisubiri kupambazuka.